Kuku wa Uani na Adui Zake

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Wenzetu waliotangulia wamewaeleza habari za korosho, mizani, maghala na minada. Hayo ni mambo makubwa, na imestahili yatangulie. Sisi makatibu wa vyama vya msingi tulipogawana maneno ya siku hii, tuliangukiwa na fungu dogo: tuseme habari za kuku, na namna ya kuwakinga na wanyama na ndege wanaowala. Wako waliocheka. Sisi hatukuona haya, kwa sababu vitabu tunavyoandika kila siku vimetufundisha kwamba jambo hili si dogo hata kidogo.

KUKU NA KITABU CHA FEDHA

Fedha ya korosho huingia mara moja kwa mwaka. Mavuno huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, minada ikafuata, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika mkoa wetu wa Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake ghalani na kungoja malipo yake. Malipo yakifika yana kazi zake: madeni, bati, sare za shule, na salfa ya msimu ujao. Kufika mwezi wa Februari na Machi, mvua inanyesha, mahindi bado hayajakomaa, na nyumba nyingi hazina senti.

Basi tazameni yanayotokea katika miezi hiyo. Mtoto akipata homa usiku, mama huuza kuku wawili asubuhi ili ampeleke hospitali ya Mkomaindo au Ndanda. Daftari likiisha, huuzwa kuku. Mgeni akifika bila taarifa, huchinjwa kuku, na heshima ya nyumba ikasalimika. Wakati wa jando na unyago, kuku ndio wanaosimamisha sherehe. Mwanachama anapokuja ofisini mwezi wa Aprili kununua hisa moja au kumaliza kiingilio chake, nasi tukamwuliza amepata wapi fedha wakati huu, aghalabu hutujibu, “Nimeuza jogoo.”

Tena fedha hii kwa kawaida i mikononi mwa mama zetu. Sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao tu watu wa ukoo wa mama, na tangu zamani kuku wa uani wamekuwa mali ambayo mwanamke huuza kwa shauri lake mwenyewe. Kwa hiyo kuku anapochukuliwa na mwewe, asidhani mtu kwamba kimepotea kitoweo tu. Pamechukuliwa akiba ya mama, na mara nyingi nyumba haina akiba nyingine.

Tufanye hesabu ya mfano, kama ilivyo desturi ya makatibu. Tuseme tetea mmoja huatamia mara tatu kwa mwaka, na kila mara hutoa vifaranga kumi. Hao ni vifaranga thelathini. Tuseme katika kila kumi wakaponea wawili tu. Mwisho wa mwaka mama ana kuku sita. Sasa tuseme katika kila kumi wakaponea sita. Mwisho wa mwaka ana kuku kumi na wanane. Tofauti ni kuku kumi na wawili. Tukikadiria kila mmoja kwa shilingi 15,000, tofauti hiyo ni shilingi 180,000, kwa tetea mmoja tu. Mama huyo hakununua kuku wa kizungu wala mashine ya kuangulia. Alichofanya ni kuwaweka hai wale aliojaliwa.

MLINZI ALIYEONDOKA

Wazee wetu watauliza, “Mbona sisi tulifuga bila haya yote?” Swali hili ni la haki, na yatupasa kulijibu kwa heshima.

Zamani kuku wa uani alikuwa na mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa mtoto. Mtoto wa miaka saba au minane alikaa chini ya mkorosho na bibi yake, na mwewe alipozunguka juu, mtoto alipiga kelele na kurusha kijiti, tetea akawaita vifaranga wakaingia chini ya mihogo. Leo mtoto huyo yuko darasani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari ya kutwa mwaka 2016, nasi twashukuru, wala hatutaki kumrudisha mtoto nyumbani alinde vifaranga. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya haikuisha alipoondoka. Imebaki bila mtu.

Na mama naye hayupo. Tangu Oktoba hadi Desemba, wakati wa kuokota korosho, nyumba nzima huwa shambani tangu alfajiri. Ndiyo miezi ambayo nguchiro hupita uani mchana kweupe kama aliyealikwa.

Jambo la pili ni vichaka. Watu wa uwanda wa juu wa Makonde mwajua jinsi vichaka vyetu vilivyosongamana. Shamba likiachwa miaka michache tu, mtu hawezi kupita. Wazee watakumbuka mwanzo wa miaka ya 1970, watu walipohamia katika vijiji na kuiacha mikorosho yao mbali. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwamo, lakini mashamba yaliyotupwa yaligeuka msitu, na nguruwe mwitu wakapata makao. Palipo na makao ya nguruwe, pana makao ya kanu, fungo na kicheche pia. Hata leo shamba lisilopaliliwa nyuma ya nyumba ni bweni la adui wa kuku.

Basi neno letu kuu kwa siku ya leo ni hili: mlinzi wa kale ameondoka, na hatarudi, yatupasa tumweke mwingine mahali pake. Mlinzi huyo mpya ni tenga mchana na banda usiku.

KUMJUA ADUI KWA ALAMA ZAKE

Kabla ya kueleza tenga na banda, twaomba tuseme juu ya kumtambua adui, kwa kuwa jambo hili limevunja ujirani mahali pengi.

Katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu, ambacho hatutakitaja, mama mmoja mzee alipoteza kuku wanne kwa siku tatu. Jirani yake alikuwa na kijana asiye na kazi. Maneno yakaanza kisimani, yakafika barazani, na mwisho kijana akaitwa mwizi mbele ya watu. Baba yake alikataa kukaa tena na mama huyo katika mkutano wa chama, na kwa msimu mzima nyumba mbili hizo hazikusaidiana hata kubeba magunia. Usiku wa nne kuku wa tano aliuawa, na safari hii mzoga ulibaki juu ya mkorosho, umeliwa kichwa na kifua. Mwizi wa watu hali kichwa cha kuku akiwa juu ya mti usiku. Alikuwa kanu. Kijana aliombwa radhi, lakini neno “mwizi” likishatamkwa halirudi lote kinywani.

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, kuku akipotea, tazameni kwanza chini, kisha ndipo mseme. Alama ni hizi.

Mwewe na kipanga huja mchana, na hupenda kifaranga. Hutoweka bila damu. Pengine manyoya machache huonekana mahali palipo wazi. Tetea atakuwa amekimbilia kichakani na hataki kutoka.

Nguchiro huja mchana pia, akitokea kichakani na kurudi humo humo. Hupenda mayai na vifaranga. Wako nguchiro ambao hulishika yai na kulirusha nyuma kati ya miguu lipasuke kwenye jiwe. Mkikuta maganda yamesambaa kando ya jiwe, mmejua.

Kenge naye hufukua mayai mchana. Nyoka kama swila humeza yai zima bila kuacha ganda, na kifaranga vilevile. Chatu humeza hata tetea, kisha hushindwa kutoka katika tundu aliloingilia kwa sababu ya tumbo. Msiingize mkono katika kiota chenye giza.

Kanu huja usiku, hupanda miti na mapaa kama paka, na huweza kuua wengi kuliko anaoweza kula. Kicheche huja usiku kwa kupenya tundu dogo, na harufu yake mbaya hubaki bandani. Nyegere ana nguvu ya kufukua chini ya ukuta au kung'oa ubao. Mkikuta banda limevunjwa kama kwa sururu, mshukuni yeye.

Panya huwatafuna vifaranga wachanga na kuwaburuta shimoni. Na siafu, wakati wa mvua, huingia usiku kwa maelfu; tetea anayeatamia hataki kuacha mayai yake, nao humwua pale pale. Asubuhi hukutwa amelala kiotani kama aliye hai.

Na mwizi wa watu? Huyo hufungua komeo, huchukua walio wakubwa, wala haachi damu. Mkiona alama hizo, nendeni kwa Mwenyekiti wa Kijiji, lakini msiende bila alama.

MCHANA: TENGA NA KIVULI

Kuku aliyekomaa hujua kukimbia. Anayeliwa zaidi ni kifaranga, hasa katika majuma ya kwanza, kabla manyoya yake hayajamwezesha kuruka. Kwa hiyo nguvu zetu zote za mchana na ziwekwe hapo.

Tengenezeni tenga la mianzi au fito, pana kiasi cha hatua moja, lenye mfuniko wa kufunga na sakafu ya fito au wavu. Mapengo yake yasizidi unene wa kidole. Watu wa Newala mnayo mianzi. Watu wa Masasi mnazo fito. Ufundi wa kusuka hatukosi. Vifaranga wakishatotolewa, waingizwe humo pamoja na mama yao, tenga likae kivulini karibu na jiko, na kila siku lihamishwe kidogo wapate udongo safi. Baada ya juma moja tetea aweza kutolewa saa chache ajitafutie, naye atarudi kwa sauti ya watoto wake. Vifaranga wabaki humo majuma manne, na ikiwezekana sita.

Mtu atasema, “Kifaranga aliyefungwa atakula nini?” Hapo ndipo penye gharama yenyewe, nasi hatutaificha. Atakula chenga za mahindi au mtama, makopa yaliyotwangwa, na mashudu ya ufuta au karanga kidogo. Na atakula mchwa, ambao Mungu ametujalia kwa wingi. Twaeni chungu kikuukuu, kijazeni nyasi kavu na samadi iliyoloweshwa maji, kifudikizeni juu ya njia ya mchwa jioni, na asubuhi mtakikuta kimejaa. Chakula hicho hakina bei dukani, na kifaranga hukua nacho upesi. Maji nayo wapate kila siku katika chombo kifupi. Twajua ugumu wa maji kwetu juu, ambako kwa vizazi vingi mama zetu wameshuka mtelemko kwenda chemchemi na kupanda tena na mtungi kichwani. Lakini vifaranga kumi hawanywi maji mengi kwa siku.

Wakitoka tengani, wapeni mahali pa kukimbilia. Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Mwewe hupenda uwanja ulio wazi juu, apate kushuka. Nguchiro hupenda majani yaliyosongamana chini, apate kujificha. Dawa ya mmoja yaweza kuwa karibu ya mwingine. Kwa hiyo kanuni ni hii: juu pawe na kivuli, chini pawe peupe. Pandeni mihogo au mbaazi karibu na uani, kisha palilieni chini yake. Mihogo na mbaazi zina majani juu na mashina matupu chini. Kifaranga hukimbilia humo, mwewe asiweze kushuka, na nguchiro asipate pa kunyemelea. Nyasi na vichaka vilivyo ndani ya hatua kumi kutoka bandani vifyekwe vyote.

Wafugaji wengine huning'iniza vibati au tepu za kaseti zing'arazo kwa upepo, na wengine huwapaka vifaranga rangi. Hatuwakatazi, lakini ndege huzoea, na baada ya siku kadhaa haogopi tena. Jogoo mkali na mbwa aliyezoeshwa kuku tangu utoto wana faida zaidi kuliko kibati.

USIKU: BANDA

Kuku wetu wengi hulala juu ya mikorosho au jikoni. Anayelala mtini ni sadaka ya kanu. Anayelala jikoni yu salama zaidi na wanyama, lakini watu hulala na vumbi, viroboto na harufu, na hali hiyo haifai afya ya watoto.

Banda zuri halihitaji fedha nyingi. Liinuliwe juu ya nguzo nne, mita moja kutoka ardhini. Kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama faneli, mdomo wake umeelekea chini, ili panya asipande. Nguzo zipakwe oili chafu ya magari katika sehemu inayoingia ardhini, maana mchwa wetu hawahurumii mti. Lakini oili hiyo isifike mahali kuku wanapogusa. Sakafu iwe ya mianzi iliyopasuliwa, yenye mapengo ya kupitisha kinyesi, yasiyozidi upana wa kidole. Kinyesi kikianguka chini, kizolewe na kupelekwa kwenye bustani ya mboga.

Kuta ziwe za mianzi iliyobanana au udongo, na juu yake dirisha la wavu wa waya lipitishe hewa. Mnunuapo wavu, tazameni matundu. Wavu ule wa matundu mapana huzuia kuku asitoke, lakini hauzuii nyoka wala panya asiingie. Chagueni wenye matundu madogo, hata kama mtanunua kipande kifupi. Paa la nyasi lifungwe vizuri ukingoni, kwa maana kanu huingilia hapo hapo paa linapokutana na ukuta. Ndani wekeni fito za kulalia, kila kuku apate nafasi ya sentimita 20 hivi, na viota vya kutagia vyenye majani makavu, ili mayai yasitagwe kichakani.

Mlango ndio roho ya banda. Uwe na komeo linalokaza, na usibaki na pengo chini. Waswahili husema kamba hukatikia pabovu, na mnyama naye huzunguka banda zima usiku akitafuta pabovu hapo. Mtu aweza kujenga banda la fedha nyingi, kisha akasahau kufunga mlango jioni moja tu, naye kicheche akahitaji jioni hiyo moja tu. Kwa sababu hiyo kazi ya kufunga apewe mtu mmoja kwa jina, wala isiachiwe “yeyote aliye karibu.” Kuku wafungwe kabla ya jua kuzama, wahesabiwe, wafunguliwe jua likishatoka. Kuhesabu ni muhimu: asiyehesabu kuku wake hajui ameibiwa lini.

Wakati wa mvua, mwagieni majivu kuzunguka miguu ya banda kuzuia siafu, na myaongeze yanapolowa. Msafara wa siafu ukionekana jioni ukielekea uani, msingoje. Wahamisheni kuku usiku ule ule.

SUMU SI ULINZI

Tumefika mahali pa kusema kwa ukali kidogo, nanyi mtuwie radhi.

Wako wenzetu ambao, wakichoshwa na hasara, huchukua dawa ya kupulizia mikorosho, wakaipaka kwenye matumbo ya kuku, na kuyatupa kichakani. Ndugu Wanachama, dawa hizo tumezileta ghalani kwa ajili ya mikorosho. Nyama iliyotiwa sumu haichagui. Mbwa wa jirani huila, kunguru huila, kuku wenyewe huidonoa, na mtoto achezaye huishika. Hata makopo na magunia ya dawa hizo yasitumiwe kuwekea maji ya kuku wala kuezekea banda.

Tena, kuua wanyama wa mwitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Akiwa ni chui au fisi anayezunguka kijijini, mpasheni habari Afisa Wanyamapori wa Wilaya, msimfuate wenyewe.

Na tufikiri pia faida yetu. Kanu, nguchiro, bundi na hata mwewe hula panya kila siku. Panya huyo ndiye atobozaye magunia na kula karanga ghalani. Tunamchukia bundi kwa sauti yake, lakini angekuwa mtu angestahili mshahara wa mlinzi wa ghala. Tukiwamaliza wanyama hawa, tutalipa kwa mazao tuliyookoa kwa kuku. Kumzuia mnyama kwa ukuta ni rahisi kuliko kumwua, na ukuta huwazuia hata watakaokuja baada yake.

Tahadhari moja ya mwisho hapa: mnyama wa mwitu akija mchana bila woga, akitembea kama mlevi au kuwauma mbwa, jihadharini, yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mnyama, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje kuona dalili. Dalili zikionekana hakuna tena dawa.

KUKU MGONJWA NI WINDO RAHISI

Itakuwa bure kujenga banda imara kisha ugonjwa ukaingia mlangoni. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio mwuaji mkubwa wa kuku wa kienyeji, na waweza kumaliza karibu kundi zima kwa siku chache. Kuku aliyeanza kuugua husinzia na hakimbii. Mwewe humwona yeye kwanza. Na mizoga tunayoitupa kichakani huwaita wanyama na kuwafundisha njia ya nyumbani kwetu. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe.

Mkoa wetu una sehemu yake katika historia ya kinga hiyo. Katika miaka ya 1990 chanjo zistahimilizo joto zilijaribiwa hapa hapa Mtwara kwa kuku wa vijijini. Chanjo iitwayo I-2 sasa hutengenezwa hapa nchini. Hutiwa tone moja katika jicho moja, hata kwa kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haiharibiki upesi kwa joto kama zile za kale, ingawa nayo yataka kivuli na ubaridi. Lakini chanjo huwapa kinga kuku wazima tu. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

KAZI YA USHIRIKA

Sasa mtauliza, haya yote ni kazi ya kila mtu uani kwake, ushirika wahusikaje? Kanu hajui mipaka ya viwanja. Akikuta banda la mmoja limefungwa, huenda kwa jirani ambaye hakufunga. Akishiba huko, atazaa na kurudi na wanawe. Chupa moja ya chanjo ina matone ya mamia ya kuku, na mama mwenye kuku kumi hawezi kuinunua peke yake bila kumwaga nyingine. Na bunda zima la wavu ni nafuu kuliko vipande kumi vya dukani. Waliotangulia walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu maombi matatu.

Kwanza, kila chama cha msingi kiweke siku ya chanjo mara nne kwa mwaka, ijulikane mapema, na kina mama wenyewe wachague vijana wawili wa kufundishwa kutia matone.

Pili, Chama Kikuu kinunue wavu wa matundu madogo kwa mabunda, na kuwakatia wanachama kwa mita, bei ile ile ya kununulia, walipe wakati wa korosho. Anayetaka mita mbili apate mita mbili.

Tatu, kila kijiji kichague mwezi wa Septemba, kabla ya kuokota korosho, kuwa mwezi wa kufyeka vichaka vya mipakani kwa msaragambo. Kazi hiyo itasafisha mashamba yetu na kufukuza adui wa kuku kwa jembe lile lile.

Hatuombi fedha kutoka nje kwa mambo haya. Mianzi tunayo, mchwa tunao, mikono tunayo. Kilichobaki ni kukubaliana tuanze siku moja.

Ndugu Wanachama, katika miaka kumi hii Chama chetu kimejifunza kuitunza korosho tangu mtini hadi ghalani, tukijua kwamba mali iliyovunwa isipolindwa si mali. Twaomba miaka kumi ijayo tumpe kuku wa mama heshima iyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mapengo ya mabanda yetu bado ni madogo. Jioni hii, mkifika nyumbani salama, kila mmoja azunguke banda lake kabla ya giza, apapase kwa mkono wake, na palipo na tundu linalopitisha kidole gumba, apazibe.